Kuunga Bila Moto

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kwa miaka ishirini na saba nimeunga mageti, vitanda na madirisha, na sijawahi kuona chuma kikishikana na chuma bila moto. Ndiyo maana mwalimu wetu wa fizikia wa masomo ya jioni aliposema kwamba juu kabisa angani, kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, metali mbili safi zikigusana zinaweza kuungana zikawa kitu kimoja, nilicheka kwa sauti.

"Basi Baba Mageti atatuonyesha," alisema. Umri wake ni sawa na wa binti yangu wa pili, lakini darasani yeye ndiye mkubwa. "Jumanne. Ndiyo alama yako ya vitendo."

Mwaka jana niliikosa alama hiyo nikazuiwa kufanya mtihani. Nikiikosa tena, nafasi yangu anapewa mwingine.

Ombwe sina. Ila kitabu kilisema risasi, ile metali nzito na laini, huweza kuonyesha jambo hilohilo hapahapa duniani. Fundi matairi jirani yangu akanipa vile vidude vya risasi vinavyobanwa kwenye magurudumu yasiyumbe. Nikaviyeyusha, nikamimina kwenye kipande cha bomba, nikapata vipande viwili vinene kama kidole gumba, kila kimoja na kulabu ya waya. Jumapili nikakata ncha zake kwa kisu zikang'aa, nikavifunga kwenye kitambaa cheupe, nikaviombea.

"Mimi umewahi kuniombea hivyo?" mke wangu akauliza.

"Wewe na mimi tulishaungana zamani."

"Nani kasema? Mimi naning'inia tu."

Jumanne nikasimama mbele ya darasa. Nikavikandamiza, nikavizungusha kidogo, nikaachia. Cha chini kikaanguka mezani, ta. Mara ya pili, ta. Mara ya tatu kikabingirika hadi miguuni kwa kinyozi, mwanafunzi mwenzangu wa dawati la mbele.

"Mzee, hawa wameshaachana," akasema. "Usiwalazimishe."

Darasa zima likacheka. Mwalimu alishika kalamu lakini hakuandika. "Kwa nini havishikani, Baba?"

Nikafumba macho. Siku zote hizo nilikuwa nimemwomba Mungu vishikane. Sikuwa nimemwomba nielewe. Nikaomba hilo, kwa kifupi, maana watu walikuwa wananitazama. Nilipofumbua macho nikakitazama kipande mkononi. Kilikuwa kimefifia, kijivu kama sufuria kuukuu. Fundi gani hukwangua kutu Jumapili akachomelea Jumanne? Kibarua wangu angefanya hivyo ningemfukuza.

"Ni hewa," nikasema. "Hapa duniani hewa huivika kila metali utando mwembamba. Unaogusana ni utando, si risasi yenyewe. Kule kwenye ombwe utando ukikwanguka hakuna hewa ya kuurudisha, kwa hiyo atomi za upande huu zikikutana na za upande ule hazijui tena mpaka uko wapi. Mimi nimeviacha siku mbili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naomba wembe."

Wote wakamgeukia kinyozi. Akautoa mfukoni, mpya, ndani ya karatasi yake. "Huu ni wa mteja wa kesho."

"Afuge ndevu," akasema mama mmoja wa nyuma.

Nikakata huku, nikakata kule, nikakandamiza palepale kwa nguvu zote za mikono iliyozoea mageti, nikazungusha. Nikaitundika kulabu ya juu kwenye msumari wa ukutani, nikaachia polepole. Cha chini kikabaki. Nikaning'iniza mfuko wenye vitabu viwili kwenye kulabu ya chini. Kikabaki. Kinyozi akaongeza daftari lake, mwalimu akaongeza rejista, na bado kikabaki.

"Kumi na nane kati ya ishirini," mwalimu akasema, akiandika. "Mbili nimezipunguza kwa kile kilichobingirika."

Akafungua droo, akatoa fomu ya mtihani. Nikanyoosha mkono.

"Kanawe kwanza, Baba. Risasi ni sumu, si ya kulambwa."

Nikaenda bombani, nikanawa kwa sabuni mara mbili, nikimshukuru Mungu huku maji yakitiririka, nikarudi mbio kuijaza fomu kabla hajabadili nia.