Picha Iliyoungua

Nikiona karatasi imetiwa laminesheni, ile plastiki ya kubandikwa kwa joto, damu hunichemka. Watu wa huku wakiipenda karatasi, jambo la kwanza ni kuipeleka ikakaangwe: hati ya shamba, cheti cha ubatizo, picha ya harusi ya nyanya. Kijana wa saiba, duka la kompyuta, anaipitisha kwenye mashine, inatoka inang'aa, na mwenyewe anarudi nyumbani ameridhika. Miaka ikipita gundi inageuka njano, wino unahama, ndipo wananikumbuka mimi, Ciku, mkarabati wa karatasi za kale katika makumbusho hapa Meru mjini. Mimi ni mtu wa Embu, na wenzangu wakichoshwa na ukali wangu huwasingizia Waembu wote.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Julai, Kobia wa getini aliponiletea mwanamume aliyeshika kitu kimefungwa kwa leso safi, akakifungua mezani kwangu na nikaona plastiki, sikungoja salamu.

"Nani aliwaambia plastiki inahifadhi kitu?" nilimuuliza. "Mnachoma vitu vyenu wenyewe halafu mnaleta majivu hapa. Hii ilikuwa nini?"

Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja, cheusi tititi mbele, cheupe nyuma. Alikitazama kabla ya kunijibu.

"Ni mtoto wetu, madam. Ile picha ya scan, akiwa tumboni."

Nilikaa chini. Nilijionea aibu, na aibu ile sijaimaliza hadi leo.

Jina lake lilikuwa Kiunga, mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Kanyakine. Nilimpa chai ya flaski yangu, naye akanieleza akiwa ameangalia kikombe. Mkewe, Ciakuthii, alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Aprili, mtoto akiwa ameshafariki tumboni. Mama mwenyewe alikuwa amezirai kwa kupoteza damu. Alipopata fahamu, wanaume wa ukoo walikuwa wamekwisha kuzika. Hakumwona. Mama mkwe alisema kwa kuwa mtoto hakulia, hakuna haja ya kumpa jina wala kumzungumzia.

"Kwa hivyo nyumbani tunaita tu 'ile maneno ya April'," Kiunga alisema. "Picha ndio alibaki nayo. Analala nayo chini ya mto. Ikaanza kukunjika, ikaanza kulowa na machozi. Nikaona itaisha. Jumamosi ameenda choir, nikaichukua, nikapeleka kwa cyber pale Kinoru. Nilitaka ikae, madam. Ile kijana aliweka kwa mashine, ikaingia picha, ikatoka hivi."

Sikumwambia mara moja, lakini nilikuwa nimekwisha kujua. Karatasi ya skani haina wino. Ni kama risiti ya supamaketi: joto ndilo linaloichora, na ukiizidishia joto inajichora yote. Hakukuwa na picha iliyojificha chini ya weusi ule. Weusi ndio ulikuwa umebaki. Hata hivyo niliiweka chini ya taa, nikaitazama kwa lenzi kutoka kila upande, kwa sababu alikuwa ananitazama mikono. Pembeni kabisa, mahali ambapo mashine haikushika vizuri, palikuwa na ukingo wa kijivu usio na kitu.

"Haiwezi kurudi, baba," nilimwambia.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza. Kisha akavuta kiti karibu.

"Si unaweza kunitafutia nyingine? Hizi picha zinafanana zote. Nimemwambia nimepeleka kuwekwa frame. Nikirudi nayo nzuri, yeye atajuaje?"

Nitasema ukweli: wazo hilo lilikaa nami kwa muda. Kazi hiyo ningeiweza. Ningepata picha, ningepata karatasi, ningeikunja pembe kama ile ya kwanza. Na yule mama angelala vizuri.

"Alale na mtoto wa mtu mwingine chini ya mto?" nilisema mwishowe. "Hapana. Mlete hapa. Tutamwambia pamoja."

Kiunga alilia kwa sauti hadi Kobia akachungulia dirishani, nami nikamfukuza kwa mkono.

Walikuja wiki iliyofuata. Ciakuthii alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cha kanisani, na koti lake lilikuwa limemzidi. Nilifikiri Kiunga angeniachia mimi kazi ya kusema, lakini alisema mwenyewe akiwa bado wima.

"Ciakuthii, picha iliungua. Ni mimi nilichoma. Nilitaka isiishe."

 Ciakuthii aliinyanyua mezani, akaigeuza, akaigeuza tena. Nikamweleza habari ya joto, polepole, kwa maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi. Sijui kama alinisikia. Alikuwa ameweka kidole juu ya plastiki.

"Kichwa kilikuwa hapa," alisema. "Pua hapa, ya akina Kiunga. Mkono alikuwa ameinua hivi, kama mtu anajikinga jua."

Kidole kilipita juu ya weusi bila kusita. Kiunga aligeukia ukuta.

"Madam, toa plastiki."

"Mama, hata nikiitoa, picha haitarudi."

"Nimesikia. Toa tu. Hii karatasi nilipewa kwa mkono, ikiwa na joto ya mashine, daktari akiniambia ni kijana. Yeye sikumshika. Nilishika hii." Aliirudisha mezani. "Na sasa nikishika nasikia plastiki."

Nimewahi kutengeneza ramani za zamani na Biblia zilizoliwa na mchwa, na kila mara kulikuwa na kitu cha kuokoa. Hapa hakukuwa na kitu, na bado sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule. Nilikata ukingo wa plastiki, nikaingiza kisu chembamba kisicho na makali, nikawa nalainisha gundi kwa pamba na dawa, kidogo kidogo. Upande wa nyuma ulitoka salama. Wa mbele nilipoinua pembe moja, weusi ulianza kubanduka na plastiki. Niliacha pale pale. Weusi ule nao ulikuwa wa yule mama.

Waliporudi kuichukua nilimwambia mama ukweli: nusu nimeweza, nusu imenishinda. Ciakuthii alivua glavu za sufu alizovaa kwa baridi, akapitisha vidole upande wa nyuma, karatasi tupu. Akaiweka shavuni, akafumba macho. Nilijishughulisha na kuosha brashi iliyokuwa tayari safi.

Nilikuwa nimemtengenezea kisanduku cha kadibodi nzuri, ile isiyo na asidi ya kuila karatasi. Kila kitu kinachotoka chumbani kwangu huwa na kibandiko juu, kwa hiyo nilichukua penseli na kuuliza kwa mazoea tu, kama ninavyouliza kila mtu:

"Niandike jina gani?"

Nilipotambua nilichouliza, nilitamani kulimeza neno. Ciakuthii alitazama sakafu. Nje, watoto wa shule fulani walikuwa wakipangwa foleni waingie makumbusho, mwalimu wao akiwakemea.

"Andika Kailemia," Kiunga alisema.

Mkewe aliinua uso.

"Ni jina la baba yangu," Kiunga akanieleza mimi, ingawa alikuwa anamtazama mkewe. "Ni kijana yetu wa kwanza. Hiyo ndio jina yake. Mama atasema atakayosema."

Hapo ndipo Ciakuthii alipolia. Alilia ameshika ukingo wa meza yangu, na mimi na Kiunga tukasimama tu, hatukumnyamazisha. Niliandika jina.

"Penseli haitafutika?" aliuliza alipopata sauti.

"Penseli hukaa kuliko wino, mama."

Alilisoma jina kwa sauti, kisha akalisoma tena. Akaweka karatasi ndani, akafunika. Nilidhani angekipakata kisanduku kifuani, lakini alimpa mumewe.

"Mbebe wewe," alisema. "Mimi nilimbeba."

Kiunga alikipokea kwa mikono miwili. Niliwasindikiza hadi mlangoni, nikawaona wakipita katikati ya wale watoto wa shule, Kiunga ameinua viwiko kidogo ili wasimgonge. Kobia aliwafungulia geti kubwa la magari, ingawa lile dogo lilikuwa wazi.