Miguu Mifupi, Majani Marefu

"Majani yanafika wapi?" fundi wa bunduki aliuliza.

"Magotini," mzee alijibu.

"Kiunoni," binti yake alisema papo hapo.

Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akaamua kukiamini kiuno. Alisogeza kikombe chake cha chai, akalaza juu ya kaunta aina tatu za miguu ya kuegemezea bunduki. Ya kwanza ilikuwa fimbo moja tu, yenye panda juu. Ya pili ilikuwa miguu miwili mifupi iliyoungwa kwa bawaba, ya mtu anayelenga akiwa ameketi. Ya tatu ilikuwa miguu mitatu mirefu, kama ile ya wapima ardhi.

"Hii mirefu ndiyo yenu," alisema. "Kwenye majani ya kiunoni mtu hapigi akiwa chini. Unasimama, unaona kote, na risasi yako inashuka kwenda ardhini. Ukikaa, risasi inapita katikati ya majani, na huko mbele hujui itamkuta nani."

"Hiyo ni ya kupimia viwanja," mzee alisema. "Mimi naenda kuwinda sungura, siendi kuweka mipaka."

"Mzee wangu, shikamoo nimekupa, nawe nipe sikio."

"Nikupe lipi? La kushoto lilishastaafu."

Fundi alicheka. Binti hakucheka. Wateja wake wa kabichi na nyanya walimwita Mama Miche, kwa sababu alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya nyumba, na kwa wiki tatu sasa sungura walikuwa wakitoka kwenye kiwanja kilichotelekezwa jirani na kuikata miche hiyo kama waliolipwa kufanya hivyo. Lakini kilichomkosesha raha pale dukani hakikuwa sungura. Ulikuwa mkono wa kulia wa baba yake, ambao tangu waingie haukuwa umetoka mfukoni.

Mkono ule ulianza kutetemeka mwaka jana. Mzee alidhani hakuna aliyeona. Akaanza kunywa chai nusu kikombe, akaacha kuandika, akajifunza kufunga vifungo vya shati akiwa amegeuka ukutani. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini nyumbani kwao hawakusubiri kilio. Asubuhi hiyo mama, mke wa mzee, alikuwa amemaliza maneno mbele ya mlango.

"Leo unapiga risasi moja," alimwambia mumewe. "Ukimpata sungura, bunduki ibaki. Ukikosa, kesho unairudisha polisi. Sitaki kuzika mtu kwa sababu ya kabichi."

Mzee alikubali. Alikuwa na bunduki ile miaka thelathini na minne.

Sasa alikuwa ameishika ile miguu mifupi kwa mkono wa kushoto, akiifungua na kuifunga. "Nikikaa, bunduki inatulia," alisema, bila kumwangalia mtu.

Mama Miche alielewa. Akisimama, hata miguu mitatu mirefu isingemsaidia, kwa maana mtetemo ulikuwa umeanza kushuka magotini. Akikaa, viwiko juu ya mapaja, angekuwa na nafasi. Alijua fundi alikuwa sahihi. Alijua pia sura ya baba yake ingekuwaje akiirudisha bunduki kwa yule kijana wa kaunta ya polisi.

"Mfungie hiyo mifupi," alisema.

"Dada, nani ataenda kumwokota sungura?"

"Mimi."

Fundi alikunywa chai yake. "Haya," alisema, na neno hilo moja lilibeba mengine kumi.

*

Saa kumi na moja jioni walikuwa ukingoni mwa kiwanja. Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachimbia miguu miwili mbele yake, akalaza bunduki juu. Ilikuwa bunduki ndogo ya kupakia risasi moja moja. Juu ya goti lake kulikuwa na kopo la bati lililowahi kuwa la pipi za kifua. Sasa lilikuwa na risasi sita. Sita kila mara, hazizidi wala hazipungui. Hiyo ilikuwa desturi ya babu, kama ilivyokuwa desturi yake nyingine, kubwa kuliko zote: anayetembea ndiye mwenye kopo. Ukishapiga, unaiacha bunduki wazi, unampa kopo yule anayekwenda kuokota, na hugusi kitu mpaka arudi. Risasi zikiwa kwa anayetembea, mwenye bunduki ana chuma tu.

Mzee alipakia moja, wakangoja. Upepo ulikuwa ukiwavumia usoni. Sungura mmoja akajitokeza kwenye kijia, akasimama wima, akatega masikio.

Mama Miche alibana pumzi. Alitazama mtutu. Ulikuwa umetulia kama umejengewa saruji.

Mlio ukapasuka. Sungura aliruka, akaanguka ndani ya majani.

"Umempata!"

"Nani alisema nitakosa?" mzee alisema, na uso wake ukarudi miaka kumi nyuma. "Nenda, nenda, kabla hajajikokota mbali." Akampa kopo.

Alikuwa ameshatembea hatua kumi aliposikia nyuma yake bunduki ikifunguliwa na kufungwa. Alisikia, lakini hakusikiliza. Alikuwa na furaha.

Sungura hakuwepo pale alipoangukia. Kulikuwa na damu kidogo tu juu ya jani, kisha nyingine mbele, kisha njia nyembamba iliyopinda kushoto. Aliifuata akiwa ameinama, mkono mmoja chini kama mtu anayetafuta hereni. Njia ilizunguka, ikageuka, ikaanza kurudi upande walikotoka. Alimkuta sungura chini ya kichaka, amekwisha kufa. Akapiga magoti, akamshika miguu ya nyuma. Kopo likamponyoka, likafunguka, risasi zikamwagika kwenye majani.

Akaziokota. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Akapapasa chini. Akapapasa tena, akichambua majani kwa vidole, kwa sababu sita kutoa moja ni tano. Hakukuwa na ya tano.

Ndipo ule mlio wa bunduki kufunguliwa na kufungwa ukamrudia masikioni. Baba yake alikuwa amepiga, amefurahi, na mkono uliozoea kwa miaka thelathini na minne ukachukua risasi nyingine kwenye kopo kabla ya kumpa, kisha ukaipakia. Yeye mwenyewe pengine hakujua.

Taratibu, kwa vidole viwili, Mama Miche aliyatenga majani mbele ya uso wake.

Mtutu ukiuona kama fimbo, umeelekezwa kwingine. Yeye hakuona fimbo. Aliona tundu jeusi, duara kamili, umbali wa hatua thelathini, na nyuma ya duara jicho moja lililofumbwa.

"Baba!"

Upepo ulikuwa umegeuka; ulilichukua neno, ukalitupa nyuma yake. Duara halikusogea. Mzee aliketi chini mno. Mbele yake palikuwa na ukuta wa majani na kitu cha rangi ya kahawia kilichotikisika ndani yake. Angekuwa amesimama, angeona kiwanja chote, na mgongo wa binti yake. Miguu aliyomchagulia ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri sana. Ilikuwa imeutuliza mkono wa baba yake, mtutu ukielekea kichwa cha binti.

Kuinuka ghafla? Sungura huinuka ghafla, na hapo ndipo mpigaji hufyatua. Kukimbia? Vilevile. Alijilaza kifudifudi mpaka akaonja udongo, watoto wake wawili wakamjia akilini, mmoja na daftari, mwingine na kamasi. Akabana mfuniko wa kopo. Akasema bismillahi, akalirusha juu kwa nguvu zake zote bila kuinua kichwa.

Bati liling'aa kwenye jua la jioni, likapinduka mara mbili, likaanguka mbele ya majani.

Alihesabu mapigo ya moyo wake, akapotea hesabu, akaanza upya. Kisha akasikia chuma kikifunguliwa, na kitu kidogo kikigonga ndoo, ting.

"Uko wapi?" sauti ya baba yake iliuliza. Ilikuwa nyembamba.

"Niko mbele ya mtutu wako!"

Alipofika, alikuwa na sungura mkono mmoja na kopo mkono mwingine. Mzee alikuwa amesimama, ameiweka bunduki chini mbali naye, na mkono wa kulia ulikuwa nje, unatetemeka mbele ya dunia nzima.

"Niliona masikio," alisema.

Mama Miche akajishika kichwani. Kilemba chake cha kahawia kilikuwa kimelegea, na ncha mbili za fundo zilisimama wima. Alitaka kucheka. Alichotoa hakikuwa kicheko.

Walirudi nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo begani, akaona sungura.

"Kwa hiyo amepata," alisema.

Mama Miche alifungua mdomo. Alikuwa ameshaandaa uongo wake njiani, mzuri, usio na kona. Makubaliano yalikuwa makubaliano: risasi moja, sungura mmoja. Bunduki ilikuwa ya mzee.

"Nimempata sungura," mzee alisema kabla yake. "Na nusura nimpate mwanao."

Mama alivuta kiti, akamkalisha mumewe, akamletea chai. Kikombe kizima. Akakaa mbele yake akamtazama akiimwaga.

*

"Nilisema," fundi alisema kesho yake.

"Ulisema. Sasa usiseme tena," mzee alijibu. Aliirudisha miguu mifupi kwenye kaunta. "Tupe hiyo ya kupimia viwanja. Na usiipime kwangu, ipime kwenye bega la huyu. Kibali cha bunduki anacho, alikiacha kabatini alipoanza kuzaa."

"Na wewe, mzee?"

Mzee alitoa mkono mfukoni. Ulikuwa na lile kopo, limebonyea upande mmoja, na kwa jinsi mkono ulivyotetemeka, risasi zilicheza ndani: kcha-kcha-kcha. Hakuurudisha mfukoni.

"Mimi ndiye ninayetembea."

Jioni ile Mama Miche alisimama nyuma ya miguu mitatu na kuona kiwanja chote, mpaka ukuta wa mwisho. Alipiga sungura mmoja, akaiacha bunduki wazi. Baba yake akachukua kopo, akaingia majanini. Akainama kufuata damu, na kidogo kidogo majani yakammeza mpaka kofia, lakini hakumpotea hata mara moja. Kcha-kcha-kcha, kushoto. Kcha-kcha, karibu na kichaka. Kisha sauti ikatulia mahali pamoja, na sungura akainuliwa juu ya majani, ameshikwa miguu ya nyuma.

"Sita kutoa moja!" mzee alipaza sauti.

"Hesabu wewe," binti yake alijibu, mikono yote miwili ikiwa mbali na bunduki.