Mguu Mfupi wa Suruali

Harusi ya kaka yetu Gerishon ilikuwa kesho, na suruali niliyoshonewa na Ahmad, fundi wa Ruiru, ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Mwingine angelalamika tu. Mimi, mshairi, nilitunga beti nane za hasira, nikazighani barazani kwake mbele ya wateja.

"Ndugu yangu, rudia ule wa mguu uliokimbilia gotini!" alisema Ahmad, akifuta machozi ya kicheko.

Nilirudia. Wateja walipiga makofi, nikarudia tena, kifua mbele, mpaka Ahmad akafunika cherehani yake na kwenda zake.

Nyumbani dada yangu Wangeci aliuliza, "Haya, atairekebisha saa ngapi?"

Nilizipitia beti zote kichwani. Sikuwa nimemwomba. Ubeti wa mwisho niliujaza jina langu na sifa zangu.