Uchambuzi Uliotangulia Hukumu

Gazetini walimwita Jaji Kalamu, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Sheria hakuisomea chuoni. Aliisomea kwenye benchi la nyuma mahakamani, mpaka makarani wakaapa kwamba benchi lile limechukua umbo la makalio yake. Dawa zilizokwisha muda, kanuni mpya za majengo, mbwa aliyemng'ata mkaguzi wa umeme: yote aliyachambua, na mawakili waliisoma safu yake huku wakijifanya wanatafuta matokeo ya mpira.

Kesi moja tu ilimkosesha usingizi. Ya mdogo wake wa kike.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake huyo, aliunguzwa na mvuke kiwandani, akafa. Kiwanda kikasema alikuwa amelewa. Mjane alitaka kitu kimoja tu: mahakama itamke kwamba mumewe hakuwa amelewa, maana watoto walikuwa wakizomewa shuleni. Shahidi wa tukio lenyewe alikuwa mmoja, fundi mzee wa boila la mvuke, ambaye mapafu yake yaliungua siku hiyohiyo. Alikohoa katikati ya kila neno, lakini alisema: vali ilikuwa mbovu, walishalalamika, na marehemu alikuwa na akili zake timamu, "kama wewe hapo, mheshimiwa."

"Tumeshinda, kaka?" mdogo wake aliuliza walipotoka.

"Mimi si mganga. Ngoja jaji aseme."

Tatizo, mhariri wake hakujua kungoja. Ndiyo maana Jaji Kalamu alizoea kuandika chambuzi mbili kabla ya hukumu, moja ya kushinda na moja ya kushindwa, zote akimtumia zikiwa zimepigwa alama juu: Isubiri. Hukumu ikisomwa, anapiga simu kusema ipi itoke. Safari hii ile ya kushindwa aliikwaruza tu. Ya kushinda aliiandika kwa moyo wote, na kwa furaha akasahau kuipiga alama.

Asubuhi ya hukumu, wakili wa kiwanda alisimama akiwa ameshika gazeti kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Mheshimiwa, hukumu hujaisoma. Gazeti limeshaisoma. Naomba kujua nani kaivujisha."

Jaji akavaa miwani, akasoma. Akarudia. Sababu zilikuwa zake mwenyewe, za hukumu iliyokuwa mezani kwake, karibu neno kwa neno. Jaji Kalamu alikuwa amemsikiliza miaka mingi mno hata akaweza kufikiri kama yeye. Nani angeliamini hilo? Jaji akafunga jalada, akajitoa kwenye kesi. Kesi ianze upya, mbele ya mwingine.

"Upya maana yake nini, kaka?"

"Mashahidi warudi."

"Wote?"

Kiwanda kilikataa ushahidi wa mwanzo usomwe, na jaji mpya akakubaliana nacho: alitaka kumsikia shahidi kwa masikio yake.

Wakaenda kwa fundi. Walimkuta ameegemezwa mito, mtungi wa oksijeni kando ya kitanda. Aliwatambua. Akajaribu, midomo ikacheza, ikatoka miluzi mitupu. Akajaribu tena, macho yakimtoka. Mjane akachovya kitambaa kwenye maji, akamlowesha midomo.

"Basi, baba. Ulishasema."

Fundi alizikwa kabla kesi haijatajwa. Jaji mpya akaitupa kwa kukosa ushahidi, na hakuna lililotamkwa kuhusu marehemu.

Nje, Jaji Kalamu alianza, "Kuna rufaa. Kuna kifungu kimoja..."

"Kaka." Mdogo wake hakupandisha sauti. "Watoto wananisubiri nyumbani. Twende ukawaeleze wewe. Si ndiyo kazi yako, kueleza?"

Watoto walikuwa wameketi kwenye kochi, bado wamevaa sare za shule. Akavuta kiti, akakaa mbele yao, akakohoa kama mtu anayeanza hotuba.

"Mjomba," akauliza mkubwa, "mahakama imesemaje kuhusu baba?"

"Haikusema kitu."

Mtoto akaendelea kumtazama, akidhani sentensi haijaisha.