Usukani wa Brigita

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Usiachie, Marseli. Nakuambia usiachie!"

Sikuachia. Nilikuwa nakimbia nyuma ya baiskeli nikiwa na miaka sitini na sita, kifua kinafoka kama mvukuto wa mhunzi, mkono umeng'ang'ania keria. Juu ya kiti alikaa dada yangu Brigita, bibi wa wajukuu tisa, amevaa suruali ya marehemu mumewe na kitenge amekifunga juu yake ili Mungu asikasirike. Kushoto kwetu ziwa lilikuwa limelala kimya, na viboko walikwisha kurudi majini, tunaona masikio tu. Ng'ambo, Mlima Kwaraa ulikuwa haujavua ukungu wake.

Gari hapakuwa na hata moja. Mvua zilikuwa zimekata kalavati mbili za barabara ya kando ya ziwa, moja huku kwetu Nakwa na nyingine mbele, na katikati pakabaki kipande cha kama kilomita tatu ambacho gari haliingii wala halitoki. Hata bodaboda walikata tamaa. Watu walivuka juu ya gogo, na sisi tuliivusha baiskeli begani kila asubuhi. Nimetembea sana katika nchi hii lakini sijawahi kukanyaga barabara kubwa iliyo kimya namna ile. Mnyororo ukitoa sauti, unausikia. Samaki akiruka, unamsikia. Ukidanganya, nadhani na hilo pia lingesikika.

Ilikuwa siku ya tisa ya mafunzo, na mambo hayakuwa mazuri. Kila nilipolegeza mkono kidogo, baiskeli ilikwenda upande kuelekea majini. Mkono wa kushoto wa Brigita haunyooki. Umepinda kwenye kiwiko tangu utotoni, kwa hiyo akishika usukani pande zote mbili, upande mmoja unamvuta. Alijua hivyo. Mimi nilijua zaidi.

Alikuwa amekuja chumbani kwangu Bagara wiki mbili nyuma, asubuhi, akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Lazima uwe msiba?" Akatazama ukuta. "Barabara ya ziwani inatengenezwa. Siku ya kufunguliwa, diwani amekubali magari yazuiwe mpaka saa sita, akina mama wa kata waendeshe baiskeli kwanza kando ya ziwa. Wamenichagua mimi niongoze."

"Wewe? Kwani unajua kuendesha?"

Dada yangu aliniangalia kwa muda ambao chai ingeweza kupoa.

"Wewe ndiye uliyesema najua," alisema.

Nilikuwa nimekimbia jambo hilo miaka hamsini na mbili, nikazunguka nalo Mererani kwenye mashimo ya madini, Singida nikiwa fundi baiskeli, Kahama, mashamba ya mkonge, na sasa limekuja kukaa kwenye ndoo yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye kumi na mmoja. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito kama ng'ombe, na alikuwa ametuonya wote. Msichana ndiyo kabisa. Siku zile watu walisema msichana akipanda baiskeli hatazaa. Lakini Brigita alinisumbua mwezi mzima, na mchana mmoja Baba akiwa shambani tuliitoa. Nikamshikia keria. Tukakokotana mpaka kwenye mteremko wa kwa kina Salvatory, jirani yetu. Hatukuwa tumeshuka mbali kutoka juu pale, nikamwona Baba anatokea kwenye mahindi, jembe begani.

Nikaachia. Nikajitupa kwenye mahindi upande wa pili.

Brigita alikwenda peke yake hatua kumi, labda kumi na tano, halafu mtaroni. Baba alipofika nami nikatokea, nikijifanya nimesikia kelele. Akaniuliza kuna nini. Nikasema, "Kaichukua mwenyewe. Kaiendesha mwenyewe kutoka nyumbani." Maneno yenyewe ni hayo, sikuongeza wala kupunguza. Baba akavunja fimbo ya mti, akamchapa palepale, hajui kwamba mkono umevunjika. Fundi wa mifupa wa Mutuka aliufunga kwa vijiti, ukapona vile ulivyotaka wenyewe.

Baada ya mavuno nilipanda lori la vitunguu. Shule yangu nimeisoma vipandevipande: darasa la nne hapa, la tano kwa watu, mengine kwenye magazeti yaliyofungia nyama. Nyumbani nilirudi mara mbili, kumzika Baba na kumzika Mama, na mara zote Brigita alikuwa jikoni, au kisimani, au ameitwa. Sikumlaumu. Nilikula wali wa msiba nikaondoka kabla ya jua kuzama. Niliporudi kukaa, miguu ikiwa imechoka, nilipanga Bagara, sikuthubutu Nakwa.

Sasa, siku ile ya tisa, tulisimama kupumua. Brigita alikaa juu ya jiwe akijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Zilibaki siku tano. Greda lilikuwa limekwisha fika ng'ambo ya kalavati, tulikuwa tunaliona, manjano, limekaa kama simba anayesubiri.

"Nitawaambia naumwa," alisema.

"Subiri."

Nilitoa spana mfukoni. Nimetengeneza baiskeli za watu wa kila namna: waliokatwa na mashine, wenye mguu mmoja mfupi. Nikalegeza nati ya shingo, nikalibana gurudumu la mbele katikati ya magoti, nikausokota usukani kidogo kuelekea kushoto, upande wa mkono wake mfupi. Nikakaza. Baiskeli ikawa kama imetazama kando. Lakini ukiushika kwa mkono ule, gurudumu linakwenda mbele sawasawa.

Brigita alikuja akaitazama.

"Umeupinda."

"Nimeupinda ufanane na mkono wako." Nikajua nikinyamaza tena nitazikwa na jambo hilo. "Brigita, siku ile mimi…"

"Uliachia ukajificha. Kisha ukamdanganya Baba."

"Unajua?"

"Nilikuwa nimevunjika mkono, Marseli, sikuvunjika masikio! Nilikuwa mtaroni palepale."

"Na hukusema kitu. Miaka yote."

Alikaa tena. Nilisubiri lawama, na kweli nilizihitaji. Mtu aliyebeba mzigo mrefu hufurahi hata kupokelewa kwa matusi. Yeye akaanza kucheka, tena kicheko cha kujificha, kile cha wanawake wakiwa kanisani.

"Kusema nini? Sikiliza. Alinichapa, ndiyo, na niliumia, na wewe ni mwoga. Hilo liache hapo. Lakini jioni yake nilimsikia anawaambia wazee, 'Huyu mtoto ameendesha baiskeli kutoka nyumbani mpaka mteremko ule, hakuna aliyemshika.' Alikuwa na hasira. Wiki iliyofuata akasema tena, hasira imepungua. Kufika Pasaka alikuwa anajisifu! Alipokuja mtu kunichumbia nikiwa darasa la tano, Baba akamjibu, 'Aliyeweza chuma atashindwa na kitabu? Mwache asome.' Nikasoma mpaka la saba, mimi peke yangu katika wasichana wa kwetu. Mume wangu alinioa kwa sababu ya sifa hiyo. Wajukuu wameandika shuleni: bibi yetu ndiye mwanamke wa kwanza Nakwa kuendesha baiskeli. Mtoto wa binti yangu Skolastika amechora na picha."

Akachezea kokoto kwa kidole cha mguu.

"Na mimi hata siku moja sijaendesha. Kila ulipokuja msibani nilijificha jikoni, moyo unapiga. Nikasema leo huyu atalewa, atawaambia ukweli."

"Mimi nilijua unanichukia."

"Nakuchukia kwa nini? Nilikuwa nakuogopa."

Nilikaa chini barabarani, katikati kabisa, mahali ambapo siku nyingine lori lingenisaga. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na vyote vikagongana mlangoni, hakuna kilichotoka. Nilijisikia mwepesi mpaka nikashika ardhi kwa viganja. Miji yote ile. Vyumba vyote vile vya kupanga. Mimi namkimbia yeye, na yeye huku ameshika mlango ili nisiingie.

"Haya, inuka," alisema. "Wewe ni mzee, utapata baridi ya mgongo."

Akapanda. Nikashika keria. Tukaenda, mimi nakimbia, usukani umetazama ziwa lakini gurudumu linafuata barabara kama limechorewa mstari.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Tukaenda tena kidogo. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Achia."

Vidole vilikataa. Ilibidi nivitoe kimoja kimoja. Akayumba, nikafumba macho, nikayafumbua. Alikuwa anakwenda. Kitenge kilikuwa kimefunguka nyuma kinapepea, na alipita kando ya matete, akapita pale ndege weupe wamesimama, akaingia kwenye kona, nikabaki peke yangu katikati ya barabara mikono mitupu. Nimewaacha watu wengi barabarani maishani mwangu. Kuachwa mimi ilikuwa mara ya kwanza, na sikuona ubaya wake.

Siku ya kufungua barabara walikuja akina mama kama thelathini. Magari yalipanga foleni ng'ambo ya kamba, madereva wanapiga soga. Nilisimama pembeni na mzee Salvatory, yule wa mteremkoni, ambaye macho yake siku hizi ni ya mashaka. Brigita alipita mbele ya wote, usukani wake umekwenda upande, yeye mwenyewe amenyooka kama askari. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia njia, kama nilivyomfundisha.

"Unamwona?" Salvatory alinipiga kiwiko. "Anaendesha vilevile! Kama siku ile alipopita kwetu akiwa mtoto. Nilimwona kwa macho yangu, amekuja kama upepo, kutoka kwenu moja kwa moja."

Siku ile pale kwao hapakuwa na mtu. Walikuwa mnadani, nyumba nzima.

"Wewe si ulikuwepo, Marseli?"

"Nilikuwepo."

"Basi waambie hawa." Akawageukia madereva vijana waliokuwa wamesogea. "Huyu ni kaka yake. Aliona yote tangu mwanzo."

Wakanitazama. Mmoja akanisogezea kreti ya soda nikae.

Nikakaa, nikawaambia. Niliisimulia taratibu, tangu alipoitoa baiskeli nyumbani peke yake, na safari hii nilimwongezea urefu wa mteremko.