Mama Kwenye Bango la Kyumbi

Peris aliliona bango lile Kyumbi, pale magari yanapokata kona kuingia Machakos, akasahau alikuwa akienda wapi. Mama yake, Kamanthe, waliyemzika mwaka jana, alikuwa juu ya vyuma viwili, mkubwa kuliko nyumba aliyofia, na mgombea mmoja amemkumbatia begani huku akicheka. Chini yao waliandika: MAMA AMEPATA MAJI.

Maji gani? Kamanthe alikufa mgongo umepinda kwa mitungi ya mtoni. Mtu huyohuyo alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kampeni mbili mfululizo, kisima kinakuja, kisima kinakuja, na hata matangani hakuonekana.

Na picha yenyewe ilikuwa kazi ya Peris. Alianza kwa kupiga picha za harusi, akapitia za matanga, akiwavisha marehemu suti ambazo hawakuwahi kuwa nazo, mpaka akajifunza kujenga nyuso nzima kwenye kompyuta kwa vipande vya picha alizopiga mwenyewe. Mashavu ya mama yalikuwa udongo uliopasuka wa shamba lao la Yatta. Kitambaa cha kichwa kilikuwa majani makavu ya mahindi. Macho tu ndiyo yaliyokuwa ya mama. Kwa picha hiyo aliitwa kwenye maonyesho Nairobi, ya kwanza maishani mwake, na sasa kila apitaye angesema Peris amemuuza mama yake kwa wanasiasa.

Mori ulimpanda. Tena walikuwa wamelipua kazi: mtu yule amebandikwa kombo, kivuli chake kimeangukia upande jua linakotoka. Kuiba ni kuiba, lakini uibe halafu uharibu?

Mtu mwingine aliyekuwa na picha ile ni mmoja tu, kaka yake Makau, aliyetumiwa kwenye simu aitazame. Peris alimpigia, akaja na pikipiki, wala hakukana. Alisema aliwapa watu wa kampeni bure, akidhani ni heshima mama kuonekana na barabara nzima. Peris akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Hiyo uso ni ya mwaitu," Makau akasema, akimtaja mama kwa Kikamba. "Na mwaitu ni wetu sote. Wewe ulishikanisha tu."

Ulishikanisha tu! Peris alitamani kumzaba kofi. Alivuka barabara, akaazima ngazi kwa fundi wa mabati, akatoa mkobani wembe wake wa kukatia picha, akapanda. Wauza matunda waliacha meza zao wakasogea kutazama. Makau alimfuata akimsihi ashuke, watashikwa, watu wa mgombea hawana mchezo.

Alianzia begani. Alivibandua vidole vya yule mtu kimoja kimoja, polepole, wembe usiguse nguo ya mama.

"Shuka, mwana wa mwaitu," Makau akasema. "Huyo mtu aliniambia akiingia atatuchimbia kisima."

Peris alisimamisha wembe, akamtazama.

"Hata mwaitu aliambiwa hivyo. Akaamini kama wewe."

Lori lilipita kwa kasi, ngazi ikayumba. Makau aliishika kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, na Peris akaendelea kukata.