Kombe Ndani ya Tangi

Jumamosi, tarehe 12 Aprili 2025. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, na ukungu uliifunika njia ya Uroa hata minazi ikawa kama inaelea.

Wakil aliipeleka pikapu ya marehemu baba yake Mwanakwerekwe, kwa fundi Mabrouk. Mama yake, Bi Mwanakheir, alikaa pembeni yake na tasbihi mkononi. Gari ilikohoa njia nzima. Mnunuzi alikuwa akingoja jibu adhuhuri. Fundi asipouona ugonjwa, basi itauzwa, ingawa katika mlio wa injini ile Wakil bado akimsikia baba yake akisafisha koo kabla ya kuadhini.

Mabrouk alibadilisha plagi, akapima waya, akasikiliza huku kafumba macho. Kisha akauliza ugonjwa huzidi lini. Wakil akafikiri. Kila Jumamosi, kufika Jumatatu hupungua.

"Basi mgonjwa huyu Ijumaa analishwa kitu," fundi akasema.

Akafungua kabureta, akamimina petroli yake kwenye bilauri. Harufu ya marashi ya mawaridi ikapanda, ikatanda gereji nzima, mafundi wengine wakaweka spana chini. Chini ya petroli lilitua tone la rangi ya zafarani, likicheza taratibu kama jua lililozama majini.

"Wakil, gari hii inaumwa au inakwenda kuposa?" Mabrouk akauliza.

Watu wakacheka, Wakil hakucheka. Harufu ile aliijua. Ni ya kombe, aya za Kurani zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi, akanywa mgonjwa. Akamgeukia mama yake.

"Tangu afe baba yako naiogopa njia," Bi Mwanakheir akasema. "Mtu hunywa kwa mdomo. Na mdomo wa gari nnaujua, pale munapotilia mafuta."

Mabrouk akamweleza kwa adabu kwamba maji hayachanganyiki na petroli. Hukaa chini ya tangi, injini ikiyavuta hukohoa. Dua haina kosa, ila gari hainywi. Akayakinga mafuta yote katika beseni safi, asije mtu akalikanyaga kombe, akaosha tangi na kabureta, akatia petroli mpya. Akasema bismillahi, akawasha. Injini ikanguruma sawasawa, na Bi Mwanakheir akainamisha kichwa, akisikiliza.

Wakil akampigia simu mnunuzi, akamuomba radhi. Halafu akaushika mkono wa mama yake, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe mbele ya mafundi wote.

"Nyinyi ni mashahidi," akasema. "Gari hii siiuzi. Na kila Ijumaa, mama, sitoki nyumbani mpaka uniombee mimi, hivi hivi, kwa mkono wako. Inshaallah."